Wote Mliobaki Nje

Meiyun si mtu mbaya. Nianze na hilo, maana nikimaliza mtasema ni mbaya, na mimi mwenyewe siku nyingine husema hivyo. Tumekaa mlango kwa mlango hapa Qingdao, ghorofa ya nne, kwa miaka tisa. Nilipougua mapafu aliniletea uji siku kumi na mbili mfululizo. Haya ninayosimulia mengi aliniambia yeye, mengine mumewe Dekui, na ya mwisho niliyaona kwa macho yangu.

Mwaka ule waliondoka asubuhi ya mkesha wa mwaka mpya, kama kawaida yao. Dekui alipakia pombe ya wazee, katoni ya maziwa na koti jekundu la mama yake. Binti yao Tongtong, wa miaka sita, alikaa nyuma na mfuko wa peremende. Kijiji cha Luanjia ni mwendo wa saa tatu barabara ikiwa safi. Siku hiyo theluji ilikuwa imeanguka tangu alfajiri, wakatumia saa nne na nusu.

Kilomita mbili kabla ya kijiji, kwenye kona, kuna kituo cha basi. Ni kibanda cha saruji chenye benchi moja, basi. Kila mwaka wakikaribia hapo Meiyun hufungua mkoba na kutafuta kitu. Safari hii alikuwa anatafuta leso. Akasikia vidole vya Tongtong vikigonga kioo, anapunga mkono.

"Unampungia nani?" akamuuliza.

"Yule pale."

Meiyun aliendelea kutafuta leso mpaka kona ikapita.

Bi Luan, mama yake Dekui, aliwapokea langoni na unga mpaka kwenye viwiko. "Umekonda, mwanangu! Huko mjini mnakula picha za chakula?" Kisha akamgeukia mkwewe. "Wewe Meiyun sina wasiwasi nawe. Sioni kilichopungua."

"Mama naye! Nimevaa sweta tatu."

"Haya, sweta. Ingia ndani tukunje jiaozi kabla wanaume hawajatoka."

Wakapanda kwenye kitanda cha matofali chenye moto chini, wakakaa na sinia kati yao. Bi Luan alisukuma vipande vya unga, Meiyun akaweka nyama na kabichi katikati na kubana kingo. Walikuwa wanacheka vizuri tu. Halafu bibi akakibana kimoja akakivuta mwishoni kikatoa kamkia, akakiweka pembeni.

"Qiaoling alikuwa anavikunja hivi, na mkia. Baba yake anamwambia, wewe unapika panya." Alicheka kidogo. "Miaka saba leo. Na kila mwaka najiuliza jambo moja tu. Siku ya mkesha hakuna basi. Kila mtu anajua hakuna basi. Mwanangu alikwenda kusubiri nini pale kituoni?"

Meiyun akabana jiaozi kwa nguvu mpaka ikapasuka.

Jibu alikuwa nalo yeye. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa nalo.

Miaka saba nyuma, mkesha kama huo, alasiri, wanaume walikuwa wamekwisha kwenda makaburini kuwaalika marehemu wa ukoo na kurudi nao. Gongo, kipande kinene cha mti, lilikuwa limelazwa kwenye kizingiti cha lango. Gongo likishalazwa, wazee wamo ndani, na mizimu isiyo ya ukoo haivuki. Wala binti aliyeolewa havuki. Akiwepo chini ya paa la kwao wazee wakiwemo, anaondoka na heri ya kaka yake na ya watoto wa kaka yake, ndivyo wanavyoamini kule. Mabinti huja siku ya pili, na waume zao na zawadi. Qiaoling, dada yake Dekui, alikuwa ameachwa na mumewe vuli ile. Hakuwa na mume wala zawadi. Alikuja na begi moja.

Wengine walikuwa nyuma ya nyumba wanachinja kuku. Meiyun ndiye aliyesikia hodi. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu, baada ya mbili kuharibika, na alikuwa anaogopa kila kitu, mpaka mkasi kitandani. Hakufungua lango. Alisema kupitia ufa wa mbao, kwa kunong'ona ili bibi asisikie: "Leo hapaingiliki, wifi. Njoo siku ya pili. Nenda kasubiri kituoni, Dekui atakuja kukuchukua akupeleke kwa shangazi yenu."

"Ahsante, wifi," Qiaoling akasema, na akaenda.

Meiyun alikuwa na nia ya kumwambia mumewe. Hilo ameniapia, na ninamwamini. Alingoja wamalize kuku. Akangoja baba mkwe amalize kufukiza ubani. Kisha akawaza kwamba wakijua yuko kituoni, bibi atalia, watakwenda kumleta, ataingia. Akaweka mkono tumboni, akanyamaza. Alijiambia kwamba Qiaoling ni mtu mzima, akichoka atakwenda mwenyewe.

Asubuhi walimkuta amekaa kwenye benchi, begi mapajani, uso kauelekeza kijijini.

Kwa kuwa aliachwa, hakuwa wa ukoo wa mumewe, na kwa kuwa aliolewa, hakuwa tena wa kwao. Wakamzika pembezoni mwa shamba la matofaa, karibu na barabara, mbali na makaburi ya kina Luan. Na katika miaka yote saba hakuna aliyemwalika.

Sasa turudi kwenye mkesha huu. Baba mkwe alikuwa amefariki majira ya kuchipua, kwa hiyo kazi ya kualika ilimwangukia Dekui kwa mara ya kwanza. Alikwenda na baba yake mdogo, mzee Shoutian, mtu wa kelele. Kualika si jambo gumu. Unawasha ubani, unapiga magoti, unamtaja kila mmoja kwa nafasi yake: babu fulani, bibi fulani, twendeni nyumbani tukale mwaka mpya. Lakini Dekui vidole vilikuwa vimekufa ganzi, kiberiti kimelowa, na majina ya babu wa babu yamemtoka kichwani. Akasema kwa haraka:

"Haya jamani. Wote mliobaki nje, twendeni nyumbani."

"We! Ndio mwaliko gani huo?" mzee Shoutian akafoka. "Babu yako anaitwa 'wote'? Unaita mbuzi?"

"Baba mdogo, baridi hii! Watanielewa, ni watu wa kwetu."

Walirudi kwa njia ya shamba la matofaa, maana ndiyo fupi. Dekui anasema upande mmoja wa mgongo wake ulikuwa na baridi kuliko mwingine, upande wa barabara.

Walipoingia, Dekui akalaza gongo kwenye kizingiti. Meiyun alikuwa uani ameshika ufagio. Alikuwa ametoka kufagia sakafu ya sebule, mara ya mwisho, maana wazee wakishaingia ni mwiko kufagia hadi watoke. Akageuka akaona kwenye saruji alama za maji. Buti mbili kubwa za mumewe. Buti mbili za mzee Shoutian. Na nyayo za viatu vya kitambaa, vidogo, vya mwanamke, zimetoka langoni zikaingia sebuleni. Hakuweza kuzifagia.

Mezani bibi aliweka mabakuli matatu mbele ya picha ya ukoo: la babu, la nyanya, la mumewe. Wakaanza kula. Nje walikuwa wanalipua fataki. Tongtong akaangalia mabakuli, akahesabu kwa kidole.

"Na shangazi je?"

"Shangazi yupi, mjukuu wangu?" Bi Luan akauliza taratibu.

"Huyo nyuma ya mama."

Hakuna aliyegeuka. Meiyun alihisi baridi shingoni, baridi yenye harufu ya saruji na theluji. Mzee Shoutian alimtazama Dekui, na Dekui akatazama sahani. Ni bibi peke yake aliyesimama. Akaenda jikoni, akarudi na bakuli la nne, akaliweka mezani kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yanamdondoka hadi kwenye supu na hakuyafuta.

Asubuhi mabakuli matatu yalikuwa yamejaa, yameganda mafuta juu. La nne lilikuwa limeliwa. Ndani yake palibaki jiaozi moja, yenye mkia.

Siku ya pili jioni, jua likiwa linazama, wazee husindikizwa. Safari hii mzee Shoutian hakumwamini mtu. Aliandika majina yote kwenye karatasi, akamkabidhi Dekui.

"Nimtaje na dada?" Dekui akauliza.

"Wa nini? Hakualikwa. Asiyealikwa hasindikizwi."

Meiyun alikuwa amesimama langoni. Alijua. Alikumbuka maneno aliyoyatumia mumewe makaburini, yale waliyomtania kwayo siku nzima, na alijua ni nani kati ya watu wote wa ukoo ule aliyebaki nje. Aliyeitwa na "wote" alikuwa ndani. Anayetajwa jina ndiye anayeondoka. Ilikuwa kiasi cha kusema, mtaje. Lakini angeulizwa, kwa nini?

"Dekui," akaita.

"Nini?"

Midomo ikafunguka. "Funga koti vizuri."

Dekui akasoma majina, mmoja mmoja, babu hadi baba. Akaondoa gongo akaliegemeza ukutani. Asubuhi ya siku ya tatu gongo halikuwepo. Bi Luan alizunguka ua mzima akilitafuta. "Nani kachukua gongo langu? Shoutian, umeanza kuchemshia chai miti ya watu?" Wakacheka, wakalisahau.

Mchana walipakia gari: mikate ya mvuke, kabichi, samaki wakavu, jiaozi zilizogandishwa kwa theluji ndani ya mfuko. Bi Luan alikuja dirishani upande wa Meiyun. Alikuwa amevaa koti jekundu. Aliinama, akasema chini chini ili mwanawe asisikie.

"Mwanangu. Wewe ndiwe uliyekuwa karibu na lango siku ile. Ukikumbuka lolote, niambie. Mimi ni mzee, sitakasirika. Nataka kujua tu."

"Ningelijua ningekwambia, mama."

Bi Luan akampapasa shavu. "Haya. Safari njema."

Walifika kwenye kona, Tongtong akasema amebanwa, hawezi kungoja. Dekui akasimamisha gari. Hapo hapo, kituoni.

"Mbele kidogo," Meiyun akasema.

"Mtoto anajikojolea, we unasema mbele kidogo! Shuka naye."

Akashuka naye. Alimpeleka nyuma ya kibanda, akamfungua suruali, akamfunga. Tongtong akakimbia kurudi garini. Meiyun akainama kunawa mikono kwa theluji. Akasikia mlango wa gari ukifunguliwa. Ukafungwa. Akasikia mwingine ukifungwa.

Gari likaondoka.

Alikimbia akapiga kelele. Akaanguka. Alipoinua uso aliona kioo cha nyuma. Kiti chake kilikuwa na mtu. Alikuwa amejifunga skafu ya zambarau, skafu ya Meiyun mwenyewe, aliyoiacha kitini. Pembeni Tongtong alikuwa amegeuka nyuma, anampungia mkono. Anampungia yeye, kama alivyompungia yule wa kituoni.

Simu ilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba ulikuwa garini. Saa tisa alasiri. Akaamua kurudi kijijini kwa miguu, kilomita mbili si kitu. Alitembea akipita miti ya matofaa, akapinda kona. Kituo. Akageuka, akatembea tena, safari hii akihesabu nguzo za umeme. Akafika nguzo ya thelathini, akapinda kona. Kituo. Mara ya tatu alikuwa analia. Kona. Kituo.

Benchi lilikuwa na theluji, isipokuwa mahali pamoja. Upana wa mtu mmoja. Pakavu. Miguu ilipomwisha nguvu akakaa hapo. Palikuwa na joto, kana kwamba mwenyewe ameinuka sasa hivi.

Usiku ule sitausimulia, kwa sababu hakunisimulia. Aliniambia jambo moja tu: "Nilikuwa nasikia gari kwa mbali, nasema, ndiye huyu. Kila gari. Mpaka asubuhi, nasema ndiye huyu."

Gari la kukwangua theluji lilimkuta alfajiri. Wakamkimbiza kwenye hospitali ndogo ya mji wa karibu, wakamkata vidole viwili vya mguu. Nesi akampigia Dekui.

"Mke wako tunaye hapa."

"Umekosea namba, dada. Mke wangu yuko jikoni anakunja jiaozi."

"Basi una wawili," nesi akasema akicheka, akampa Meiyun simu.

Dekui alisikia sauti ya mkewe ikilia sikioni. Aliinua macho. Mkewe alikuwa pale pale jikoni, amempa mgongo, mvuke umemfunika kichwa. Tangu jana alikuwa amesema neno moja tu, "Twende," na Dekui alidhani amenuna. Siku hizi matapeli wanaiga hadi sauti za watu. Akakata simu, akaizima.

Meiyun hakukaa hospitali. Dereva wa lori la samaki alimwonea huruma akamleta mjini. Mimi nilisikia mtu anagonga mlango wa mkabala, jioni ya siku ya nne, taa za ngazini zimeshawaka. Nikafungua wangu. Sikumjua mara moja. Alikuwa amesimama kwa visigino, miguu imefungwa bandeji, amevaa koti la dereva.

"Tongtong, fungua," alikuwa akisema. "Ni mama."

Ikaja sauti ya mtoto, karibu kabisa na mlango, ikinong'ona.

"Leo hapaingiliki, wifi. Njoo siku ya pili. Nenda kasubiri kituoni, Dekui atakuja kukuchukua."

Mimi nilidhani mtoto anacheza. Lakini Tongtong hajawahi hata siku moja kumtaja baba yake kwa jina. Nikamtazama Meiyun. Alikuwa amekaa chini, pale pale sakafuni, mkono mdomoni.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Dekui. Alimtazama mkewe, akatazama bandeji, akageuka kutazama jikoni. Nilikuwa nyuma ya Meiyun, mlango wazi, niliona vyote. Jiko linawaka. Aproni iko chini. Mezani sinia tatu za jiaozi, zimepangwa mistari, kila moja na mkia wake. Hapakuwa na mtu.

"Nani kakufundisha maneno hayo?" akamuuliza mtoto.

"Shangazi. Anasema ni ya mama."

Dekui akachuchumaa mbele ya mkewe. Hakupiga kelele. Ningependelea angepiga. "Ni ya nani?"

Akayasema. Yote, pale kwenye korido, mbele yangu, kuanzia ufa wa lango hadi kuku hadi mkono tumboni. Dekui alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatoa simu, akaiwasha, akampigia mama yake na kuiweka sakafuni kati yao.

"Mwambie yeye."

Akamwambia. Upande wa pili tulisikia kuni zinapasuka jikoni kwa bibi, muda mrefu. Halafu Bi Luan akasema, "Kumbe alikuwa anamsubiri kaka yake." Simu ikakatika.

Dekui alinyanyuka, akaingia ndani, akafunga mlango polepole. Ndipo nilipoona kizingiti. Gongo lilikuwa limelala pale, kwa ndani. Gongo la nyufa, jeusi kwa moshi wa ubani, mti wa kijijini.

Meiyun amepanga chumba mtaa wa tatu kutoka hapa. Mtoto huenda kwake Jumapili. Yeye haji. Amejaribu mara tatu, na mara zote tatu, anasema, amepanda ngazi hadi ghorofa ya nne, akapinda kona, akajikuta barabarani chini.

Mwezi wa saba, joto la kuyeyusha lami, niliwapelekea tikiti maji. Tongtong akanifungulia. Gongo bado lilikuwa kizingitini. Dekui ameshalitupa mara nne, anasema, na mara moja alilichoma. Nikainua mguu nilivuke, nikaona upande mmoja limefunikwa na theluji. Nikainama nikaigusa. Ilikuwa laini, mbichi, imeanguka sasa hivi.

"Usilisogeze," Tongtong akaninong'oneza. "Shangazi kasema mama asubiri mpaka siku ya pili."

"Siku ya pili ya lini, mwanangu?"

Mtoto aligeuka akatazama jikoni, akasikiliza.

"Hataki kusema."